Nilichomtafsiria Mama Mkwe

Binti yangu Titrit alizaliwa nyayo zake zote mbili zimepinda kwa ndani, zikitazamana. Mkunga alimfunika upesi, nami nikaendelea kumfunika kwa wiki nzima. Siku ya saba, wanawake wa mtaani kwetu, katika mji wa Safi, walipokuja kula na kumtazama mtoto, nilimviringisha kwenye shali la sufu hadi kiunoni nikasema anasikia baridi. Ilikuwa mwezi wa Agosti. Wanawake walijipepea kwa mapepeo, jasho likiwatiririka shingoni, na hakuna aliyeniuliza lolote. Nadhani walijua.

Aliyefungua lile shali alikuwa mama mkwe wangu, Tlaitmas, ambaye kwa heshima tulimwita Lalla Tlaitmas. Alikuwa ameshuka kutoka kijijini kwao milimani kuja kunisaidia uzazi. Mwanawe Lahoussine, mume wangu, ni dereva wa lori, na kwa wiki huwa nyumbani siku moja, ikizidi mbili. Lalla Tlaitmas hakujua Kiarabu ila salamu, dua, na majina ya mboga. Lugha yake ni Kitashelhit, nami nilikuwa nimejifunza kwa Lahoussine kiasi cha kuendeshea nyumba. Aliishika miguu ya mtoto, akaigeuza polepole kama anayetazama kitambaa kabla hajakinunua.

"Kuna daktari wa haya?" akaniuliza.

"Sijui."

"Basi ulizia. Mtoto si wa kufungiwa kwenye shali."

Niliona aibu, lakini nilifurahi pia, maana nilikuwa nimemwogopa yeye kuliko wote.

Kituo cha watoto kilikuwa mwendo wa robo saa kutoka kwetu. Huko tulimkuta Widad, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono minene, na sauti yake ungedhani kazi yake ni kuita watoto uwanjani. Mfukoni hakukosa kichupa cha povu la sabuni, akilipuliza hewani ili watoto wasahau kulia. Aliushika unyayo wa Titrit kwa vidole vitatu, akaukanda, akausogeza kidogo tu kuelekea nje, akautuliza hapo. Kisha yeye na daktari wakazungusha pamba, halafu bandeji ya plasta iliyoloweshwa, kuanzia vidoleni hadi pajani.

"Kila Jumanne tunafungua, tunanyoosha kidogo, tunafunga tena," alisema. "Hatuvunji kitu. Mifupa ya mtoto mchanga bado laini, inasikia. Nyie kazi yenu ni kutazama vidole. Vikibadilika rangi, mnamleta siku hiyohiyo."

Tukaenda Jumanne sita. Kila plasta ilipofunguliwa nyayo zilikuwa zimesogea, na Lalla Tlaitmas alikuwa akizipaka mafuta ya zeituni huku akizisemesha. Mwishoni daktari alikata kidogo kano ya kisigino, kazi ya dakika chache, wakafunga plasta ya mwisho ya wiki tatu. Ilipotoka, miguu ya Titrit ilikuwa miguu kama ya mtoto yeyote. Nilimpeleka kwa jirani bila soksi.

Halafu vikaja viatu. Vilikuwa viatu vidogo viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, nyayo zikielekezwa nje. Widad alinikalisha kitini, akanifanya nimvalishe mtoto mwenyewe mara tano.

"Plasta imefanya nusu ya kazi," alisema. "Nusu nyingine ni hivi. Miezi mitatu ya kwanza havivuliwi ila kwa kuoga. Baada ya hapo ni usiku kucha na kila akilala mchana, mpaka afike miaka minne. Ukiviacha, nyayo zinarudi zilikotoka. Sikutishi, Ghizlane, nakwambia tu."

"Nimeelewa, Lalla Widad."

Na nilielewa. Ile miezi mitatu ya kwanza hakuna aliyekosea. Lalla Tlaitmas aligundua kwamba mtoto akifundishwa kurusha miguu yote miwili kwa pamoja, chuma hakimkeri sana, basi wakawa wanarusha miguu huku bibi akipiga makofi. Nilikuwa nikiwakuta wote wawili wamelala chali kwenye zulia.

Kisha nikarudi kazini. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha dagaa cha bandarini. Kazi yetu ni kukata vichwa, kusafisha matumbo na kupanga samaki kwenye makopo, umesimama kutwa, na saa za kuingia zinategemea mashua zimerudi lini. Titrit alilala na mimi, Lalla Tlaitmas alilala chumba cha pili. Mtoto akawa anaamka mara tatu, mara nne, anapiga kile chuma kwenye ukingo wa kitanda na kulia. Mara ya kwanza nilimvua viatu nikijiambia ni kwa saa moja tu. Tukalala wote wawili mpaka saa ya kazi. Sikuwa nimelala hivyo tangu azaliwe. Usiku uliofuata nilivivua tena, na wa tatu sikumvalisha kabisa.

Kabla sijatoka alfajiri nilikuwa nikimvalisha na kumfunga vizuri, ili bibi yake akiingia amkute navyo. Hilo ndilo ninaloshindwa kulisema bila kuinamisha kichwa hadi leo. Uchovu kila mama anao. Lakini kumfunga mtoto viatu gizani kwa uangalifu ule, ili mwanamke mwingine adanganyike, si uchovu. Niliendelea hivyo karibu miezi minne. Lalla Tlaitmas alikuwa akivivua asubuhi, anakunja soksi, anamvalisha tena mchana akilala, na jioni ananiambia, "Leo amelala navyo saa mbili. Hata hakulia." Nami namwambia, "Vizuri, mama."

Titrit alipofika miezi kumi tulikwenda kuangaliwa. Lalla Tlaitmas alibaki kwenye benchi la nje pamoja na wengine, mimi nikaingia na mtoto. Widad alimpulizia povu, akaushika mguu wa kulia, akauzungusha. Ukazunguka. Akaushika wa kushoto. Akatulia. Akaujaribu tena.

"Viatu anavaa?"

"Anavaa."

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha."

"Mguu hausemi hivyo, Ghizlane. Kisigino kimeanza kupanda, unyayo unaingia ndani. Huu mguu haujavaa kitu kwa miezi." Hakuwa amepandisha sauti bado. "Nani analala naye?"

Ningeweza kusema. Chumbani tulikuwa watatu tu na mmoja hajui kuzungumza. Lakini alikuwa akinitazama kama mwalimu anayemjua mwanafunzi wake mzuri, na sikutaka uso ule ubadilike kwa ajili yangu.

"Mimi huwa zamu ya usiku," nikasema. "Analala na bibi yake. Bibi hawezi kuvumilia akilia. Nadhani anamvua."

Widad alifuta mikono kwenye koti lake, akafungua mlango na kutoka. Nilimfuata nimembeba Titrit. Kwenye benchi walikuwa wamekaa kama watu wanane na watoto wao. Lalla Tlaitmas alipotuona alisimama na kutabasamu, akanyoosha mikono kumpokea mjukuu.

"Mwambie," Widad aliniambia, na sasa sauti yake ilikuwa ile ya uwanjani, "mwambie huruma yake inamlemaza mtoto. Mwambie kazi ya mwaka mzima ameiharibu kwa kuvua viatu. Kama hawezi kustahimili kilio, asilale na mtoto, aache wanaoweza. Mwambie hivyohivyo."

Watu wote walikuwa wakitutazama. Nikamgeukia mama mkwe wangu, nikamwambia kwa Kitashelhit, "Anasema umemtunza vizuri sana. Mguu mmoja tu ndio umegoma kidogo. Watamfunga plasta tena kwa wiki chache."

Lalla Tlaitmas aliushika mkono wa Widad kwa mikono yake yote miwili. "Mungu aihifadhi mikono yako, binti yangu," akamwambia kwa lugha yake. "Mungu akupe watoto, akupe afya, akulipie kwa kila mguu ulionyoosha." Kisha akabusu vidole vyake mwenyewe vilivyoushika mkono ule, kama wanavyofanya wazee wa kwao.

"Anasema nini?" Widad akauliza.

"Anasema amesikia. Anaomba radhi."

"Mbona anacheka?"

"Ndivyo alivyo," nikasema.

Kwenye benchi mwanamke mmoja aliyekuwa akimenyea mtoto wake chungwa aliacha kumenya. Alinitazama, akamtazama Lalla Tlaitmas, akanitazama tena. Nilihisi masikio yanawaka. Nikasema twende, tumechelewa.

Jumanne iliyofuata kiwanda kilikuwa na samaki wengi na msimamizi hakutoa ruhusa, kwa hiyo Lalla Tlaitmas alimpeleka Titrit peke yake. Mambo ya plasta hayakuhitaji maneno mengi. Niliporudi jioni nilimkuta amekaa sebuleni kwenye godoro la kukalia kando ya ukuta, mtoto amelala kando yake, mguu mweupe wa plasta umeinuliwa juu ya mto. Alikuwa amevaa nguo zake za safari.

"Kaa," akaniambia.

Nikakaa. Nilikuwa bado nanuka samaki.

"Yule mwanamke wa chungwa anatoka Taroudant," alisema. "Anaitwa Fadma. Lugha yake ni hii hii yangu. Wiki iliyopita alisikia aliyosema Widad, na alisikia uliyosema wewe. Amekaa nayo siku saba yakimsumbua. Leo amenieleza yote mawili."

Nikaificha mapajani mikono yangu yenye magamba ya samaki.

"Mimi namvua mtoto viatu usiku?"

"Hapana, mama."

"Nani anamvua?"

"Mimi."

Aliitikia kwa kichwa, kama aliyekuwa akijua na alitaka tu kulisikia. "Ungeniambia umechoka," akasema, "ningelala naye mimi. Nina usingizi mwepesi tangu nifiwe na mume. Ungeniambia hata umekosea, unaogopa yule mwanamke, unataka nibebe mimi lawama, huenda ningebeba. Mimi naondoka, wewe unabaki na watu wa kituo, ingekuwa na maana. Lakini hukuniomba. Umenisimamisha mbele za watu, mtu ananitukana, nami nambusu mkono. Nimemwombea watoto, Ghizlane. Wale wote kwenye benchi wameniona mwanamke mjinga kutoka milimani, anatukanwa na anacheka."

"Nisamehe, mama."

"Siwezi leo," alisema. "Ningeondoka leo pia, lakini plasta hubadilishwa kila wiki na wewe una kazi. Nitakaa mpaka plasta ziishe."

Akaenda kubadili nguo. Tangu siku ile hakunisemesha. Alipika, alifua, alilala na mtoto chumbani kwake, na akiwa na neno kwangu alimwambia Titrit: "Mwambie mama yako supu iko jikoni." Mtoto wa miezi kumi hakujua kumwambia mtu chochote. Nami nilikuwa nikisimama pale mlangoni nikijibu, "Ahsante, mama," kwa mtu ambaye hakunigeukia.

Lahoussine aliporudi Jumamosi nilimweleza mwenyewe, kabla hajasikia kwingine. Nilidhani atagomba. Aliuliza jambo moja tu: "Na mama alimshukuru?"

"Alimshukuru."

Akaweka kijiko chini, akatoka nje akakaa ndani ya lori lake, mlango umefungwa, hadi chai ikapoa. Afadhali angegomba.

Kwa hiyo Jumanne iliyofuata sikuomba ruhusa, sikwenda kazini tu. Tulikwenda watatu bila kusemezana njia nzima. Nilipoingia kwa Widad sikungoja aanze.

"Bibi yake hajawahi kumvua viatu," nikasema. "Ni mimi. Sina zamu ya usiku. Mtoto analala na mimi, nimemvua kwa miezi minne, na asubuhi nilikuwa namvalisha ili bibi yake asijue. Na siku ile sikumtafsiria uliyosema. Nilimwambia unamsifu, naye akakushukuru na kukuombea dua."

Widad alikuwa ameshika mkasi wa plasta. Akauweka mezani. Nilisubiri ile sauti ya uwanjani, na kweli niliitaka, ingenipunguzia mzigo. Badala yake aliketi kwenye kigoda wanachokalia watoto.

"Kwa hiyo zile dua alizoniombea zilikuwa za kweli," akasema.

"Ndiyo."

"Nimefanya kazi hii miaka kumi na sita. Nusu ya wazazi wanaokaa hapo ulipokaa hunidanganya kuhusu viatu. Nauliza, 'Anavaa?' kwa uso huu, nani ataniambia havai? Umekosea, na mguu wa mtoto ndio umelipa. Lakini na mimi nilitoka nje kumgombeza mwanamke mzee mbele za watu kwa neno la mtu mmoja. Sikumuuliza yeye hata swali." Akasimama. "Njoo. Leo utatafsiri."

Nilimwomba amwite ndani. Akakataa. "Nilimtukania nje," akasema, "nitamwomba radhi hukohuko."

Benchi lilikuwa limejaa. Fadma alikuwepo na mtoto wake, safari hii hana chungwa. Widad alisimama mbele ya Lalla Tlaitmas, akasema polepole akinipa nafasi, nami nikatafsiri kila neno. Kwamba alimsema vibaya na hakuwa na haki. Kwamba aliambiwa uongo na mkwe wake. Hapo sauti ilinikatika. Widad akanitazama akangoja, na Fadma akanitazama akangoja, kwa hiyo nikasema tena kwa Kitashelhit, kwa sauti ya kusikika: "Anasema alidanganywa na mkwe wako. Yaani mimi. Mimi ndiye niliyemvua mtoto viatu, na mimi ndiye niliyekudanganya." Kisha nikarudia kwa Kiarabu kwa wale wengine, ingawa hakuna aliyeniamuru. Mzee mmoja alisafisha koo. Mama mmoja kijana akamvuta mtoto wake karibu na kutazama sakafu, na nilihisi kwamba naye ana lake kuhusu viatu.

Lalla Tlaitmas alisikiliza mpaka mwisho. Hakutabasamu, wala hakunitazama. Akamwambia Widad, kupitia kwangu, "Muulize, mguu utarudi kuwa sawa?"

"Utarudi," Widad akasema. "Plasta mbili tatu zaidi. Halafu viatu, na safari hii bila mchezo."

"Muulize akilia usiku nifanye nini. Asiseme nivumilie. Aniambie la kufanya."

Widad alicheka kidogo, kisha akamkalisha pale pale kwenye benchi na kumwonyesha kwa mwanasesere: soksi isiwe na mkunjo, kisigino kikae chini kabisa kabla ya kufunga mkanda, ngozi itazamwe asubuhi kama ina wekundu, na mtoto avalishwe mapema kabla usingizi haujamzidi ili avizoee. Wazazi wengine walisogea kutazama. Yule mama kijana aliuliza, kwa sauti ndogo, kama ngozi ikiwa na malengelenge mtu afanyeje, na Widad hakumuuliza lolote zaidi ya, "Tangu lini?" Tuliondoka pale karibu adhuhuri.

Plasta ziliisha baada ya wiki nne. Lalla Tlaitmas alikuwa amesema ataondoka zikiisha, lakini siku ilipofika alifungua begi lake, akatoa soksi mbili za pamba alizofuma bila mshono, akamvalisha Titrit chini ya vile viatu, na begi likarudi juu ya kabati. Mimi nilibadilishiwa kazi kiwandani, nikawa upande wa kufunga makopo, mchana tu. Usiku tulipokezana. Titrit alipolia nilimbeba na chuma chake, tukitembea sebuleni huku na huku. Baada ya kama wiki mbili hakulia tena, na nilipokumbuka kwamba ni wiki mbili tu nilizokuwa nikizikimbia, nilitamani ardhi inimeze.

Titrit alitembea akiwa na mwaka mmoja na miezi mitano, kutoka kwenye godoro hadi kwenye magoti ya bibi yake, nyayo zote mbili bapa sakafuni. Lalla Tlaitmas alipiga kigelegele hadi jirani akagonga mlango kuuliza kuna nini. Mwezi uliofuata alirudi kwao, milozi ilipokuwa ikichanua. Alikuwa akinisemesha wakati huo, maneno ya kawaida, chumvi, unga, sabuni, lakini si zaidi.

Sasa Titrit ana miaka minne na anakimbia vibaya kama watoto wote, anaanguka na kuchubuka magoti, lakini si kwa sababu ya nyayo zake. Mwezi uliopita Widad alituambia viatu vya usiku basi. Akaniambia mbele ya wazazi wengine kwamba mimi ni mama wa kuigwa, miaka mitatu bila kukosa usiku hata mmoja. Wakanitazama kwa heshima. Ningewaambia yote, lakini Widad alishaanza kumwita mtoto mwingine. Nilitoka nje uso unawaka, nikiwa nimembeba Titrit ingawa anaweza kutembea.

Wiki iliyofuata tulipanda milimani kumwonyesha bibi yake. Jioni tulikuwa jikoni wawili, yeye akikanda unga wa mkate, mimi nikichambua dengu. Nje Titrit alikuwa akifukuza kuku.

"Mama," nikamwambia, "hujaniambia kama umenisamehe."

Aliendelea kukanda. "Nazeeka," akasema. "Nasahau nilikoweka funguo, nasahau jina la mke wa kaka yangu. Lile sijalisahau." Akaugeuza unga, akaukunja. "Lakini viatu umemvalisha. Nilikuwa nikimpigia Lahoussine simu kila Ijumaa kumuuliza, naye alikuwa akiniambia kweli, amemvalisha. Nilikuwa sikuamini wewe, namuuliza yeye."

"Ulikuwa na haki."

"Najua nilikuwa na haki." Akanisogezea nusu ya unga juu ya sinia. "Kanda huo. Mkono wangu unauma."

Nikanawa mikono, nikakanda.